Glenda Jackson: Aliacha uigizaji miaka 23, akarudi na taji la mfalme

KULIKUWA na mama mmoja Mwingereza, jina lake Joan, ambaye katika maisha yake alisafisha nyumba za watu, akakaa dukani kupokea pesa za wateja na hata kumimina bia kwenye baa, almuradi binti zake wanne wapate kula na kuvaa. Uzeeni mama huyo aliletewa sanamu mbili ndogo za rangi ya dhahabu aziweke nyumbani kwake. Na kwa kuwa kusafisha kulikuwa kumemwingia damuni, nazo alizisafisha. Akazisugua leo, akazisugua kesho na kesho kutwa, hata dhahabu iliyopakwa juu ikabanduka na madini ya chini yakaanza kuchungulia.

Sanamu hizo zilikuwa tuzo za Oscar, zile ambazo waigizaji wa sinema huziota usiku na mchana. Aliyezishinda ni binti yake wa kwanza, Glenda Jackson. Binti huyo hakwenda Marekani kupokea hata moja. Zilipomfikia alimpa mama yake. Na kila alipokisimulia kisa cha dhahabu iliyobanduka, alisema kwamba kwake yeye hiyo ndiyo picha kamili ya tuzo zenyewe: mng'aro nje, na ndani madini ya kawaida tu.

Msomaji, nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndiyo njia ya mkato ya kumjua mwanamke huyu aliyefariki dunia Juni 15, 2023 akiwa na umri wa miaka 87. Waigizaji wengi huanza kazi, wakapata sifa, wakazeeka na kusahauliwa. Bi. Jackson alifika kileleni, akateremka mwenyewe kwa miguu yake akiwa na miaka 55, akaenda kuwa mbunge kwa miaka 23, kisha akarudi jukwaani akiwa bibi wa miaka 80 na kufanya kazi ambayo baadhi ya waliomwona wanasema ndiyo kubwa kuliko zote. Swali lililowakera wapenzi wa sanaa huko kwao ni hili: je, ile miaka 23 katikati ilipotea bure?

Kaunta ya duka la dawa

Alizaliwa Mei 9, 1936 mjini Birkenhead, ng'ambo ya mto ukitoka Liverpool, na akalelewa Hoylake, mji mdogo wa pwani ulio karibu na hapo. Baba yake, Harry, alikuwa mwashi. Jina la Glenda alipewa kwa ajili ya Glenda Farrell, mwigizaji wa Hollywood aliyependwa miaka hiyo, lakini ujamaa wa nyumba hiyo na Hollywood ulikomea hapo. Vita Kuu vya Pili vilipozuka alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Wanaume wengi walikwenda vitani, na yeye akakua akiwatazama wanawake wakiendesha kila kitu: nyumba, viwanda, biashara, na hata kuzima moto mabomu yalipoanguka. Jambo hilo tutalirudia baadaye, kwa sababu yeye mwenyewe hakulisahau.

Shule aliiacha akiwa na miaka 16, akaajiriwa katika duka la dawa la kampuni ya Boots. Alisimama nyuma ya kaunta hiyo kwa miaka miwili. Jioni, kwa kuwa mji wenyewe haukuwa na mengi ya kumchangamsha kijana, alijiunga na kikundi cha watu waliokuwa wakiigiza kwa kujifurahisha, bila malipo. Huko akaambiwa kwamba ana kipaji na anaweza kuifanya kazi hiyo kwa mshahara. Basi akaandika barua kwa chuo cha Royal Academy of Dramatic Art cha London, ambacho kwa ufupi huitwa RADA. Mbona chuo hicho kikubwa kuliko vyote? Kwa sababu, alieleza baadaye, ndicho pekee alichowahi kusikia jina lake. Mwaka 1954 akapata skolashipu na kufunganya virago.

Usidhani kwamba mlango ulifunguka papo hapo. Chuoni aliambiwa waziwazi kwamba asitarajie kupata kazi ya maana kabla ya kufikisha miaka 40, kwa kuwa uso wake haukuwa wa vipusa. Wakubwa wa wakati huo waliwataka wasichana laini wa kupendeza macho. Huyu alikuwa na taya ngumu, sauti nzito na macho yanayomkodolea mtu mpaka akajishuku. Mwaka 1957 alipata nafasi yake ya kwanza ya kulipwa mjini Worthing, na mwaka uliofuata akaolewa na mwigizaji mwenzake, Roy Hodges. Kisha ikafuata miaka ya kubahatisha. Leo mchezo mdogo katika mji wa mbali, kesho hana kitu. Aliuza dukani, akahudumu mezani, akarudi tena kwenye foleni ya watafuta kazi. Ikiwa kuna mwanafunzi anayesoma haya huku akiambiwa nyumbani kwamba drama haimlishi mtu, huyo mzazi hakosei sana. Kwa Glenda Jackson ilichukua miaka kama saba kabla ya kumlisha sawasawa.

Nywele badala ya mjeledi

Aliyemwona hatimaye alikuwa Peter Brook, mwongozaji wa michezo wa kampuni ya Royal Shakespeare. Mwaka 1964 Brook alikuwa akitayarisha mchezo wa Mjerumani Peter Weiss ambao jina lake refu watu wamelifupisha kuwa Marat/Sade. Ni mchezo ndani ya mchezo: wagonjwa wa akili katika hospitali ya Charenton huko Ufaransa wanaigiza jinsi mwanamapinduzi Jean-Paul Marat alivyouawa akiwa ndani ya maji ya kuogea mwaka 1793. Bi. Jackson alipewa sehemu ya mgonjwa mwenye maradhi ya usingizi, ambaye naye anaigiza Charlotte Corday, msichana aliyemwua Marat kwa kisu. Hebu fikiri ugumu wake. Unaigiza mtu ambaye hajui kuigiza, anayesinzia katikati ya maneno yake, na bado watazamaji waogope kisu kilicho mkononi mwako. Kuna mahali anampiga mtu mijeledi, na mjeledi wenyewe ni nywele zake ndefu. Mchezo ulivuka bahari hadi Broadway mjini New York mwaka 1965, ukafanywa sinema mwaka 1967, na jina la msichana wa duka la dawa likaanza kutajwa.

Mwaka 1969 ikaja sinema ya Women in Love, iliyotolewa kwenye riwaya ya D.H. Lawrence na kuongozwa na Ken Russell. (Wazazi, hii si ya kutazamwa na watoto.) Alikuwa mja mzito sinema hiyo ikipigwa, na mwanawe wa pekee, Dan, ambaye siku hizi ni mwandishi wa safu za magazeti, alizaliwa mwaka huo huo. Sinema hiyo ndiyo iliyomletea Oscar ya kwanza, mwaka 1971. Alikuwa na miaka 34. Wale wa chuo walikuwa wamekosea kwa miaka sita.

Mwaka huo wa 1971 ulikuwa wake. BBC ilimchukua aigize Malkia Elizabeth wa Kwanza katika mfululizo wa vipindi sita vya runinga uitwao Elizabeth R, tangu malkia akiwa kigoli anayeogopa kukatwa kichwa hadi akiwa ajuza asiyekubali kulala kitandani afe. Kwa ajili hiyo alikubali kunyolewa nywele, akajifunza kupanda farasi, kulenga mshale na kupiga kinanda cha kizamani. Wengi hujibandika paji la uso la bandia wakaendelea na maisha yao, yeye alinyoa. Vipindi hivyo vilipofika Marekani vilimpatia tuzo mbili za Emmy. Hata leo, wakati waigizaji wengi wa kike wameshamwigiza malkia huyo, kuna wazee wa Uingereza ambao ukiwatajia Elizabeth wa Kwanza, uso unaowajia ni wa Glenda Jackson.

Na jambo lililowashangaza wengi ni kwamba mwanamke huyu mkali alijua kuchekesha. Mwaka huo huo alialikwa katika kipindi cha wachekeshaji Eric Morecambe na Ernie Wise, akamwigiza Kleopatra katika mchezo wa kipuuzi kabisa, bila kutabasamu hata kidogo. Mtengenezaji sinema Melvin Frank alikitazama kipindi hicho, akaamua kumpa nafasi katika sinema yake ya mapenzi na vichekesho, A Touch of Class. Ilitoka mwaka 1973 na kumpa Oscar ya pili. Inasimuliwa kwamba Morecambe alimpelekea simu ya maandishi akimtania kwamba akikaa nao watampatia nyingine.

Kuanzia hapo hadi mwisho wa miaka ya themanini alifanya kazi bila kupumzika sana: Hedda Gabler wa Ibsen, iliyomfanya atajwe tena kwenye orodha ya Oscar, Kleopatra, safari hii kwa dhati, chini ya Peter Brook mwaka 1978, Macbeth kule Broadway mwaka 1988 pamoja na Christopher Plummer. Ndoa yake ilikuwa imevunjika mwaka 1976. Kazi nyingine za wakati huo zilikuwa nzuri, nyingine zilikuwa za kulipia nyumba. Hilo halikumwonea haya. Hakuwa mtu wa kuzungumza juu ya uigizaji kama kwamba ni wito wa mbinguni. Kwake ilikuwa kazi, na kazi hufanywa barabara au huachwa. Lakini alikuwa na lalamiko moja alilolirudia kila mara kwa miaka mingi: waandishi wa michezo hawawaoni wanawake kuwa watu wa kuandikiwa. Mwanamke katika michezo yao ni mke wa fulani au mama wa fulani, na akishafikisha miaka hamsini hayumo tena.

Kura 42

Aprili 9, 1992 aligombea kiti cha Hampstead and Highgate, kaskazini mwa London, kwa tikiti ya chama cha Labour. Chama chake kilishindwa katika uchaguzi huo kote nchini, John Major wa Conservative akabaki Waziri Mkuu. Bi. Jackson alishinda. Akaiweka kando kazi iliyomlisha kwa miaka 30 na kitu, na hakuigusa tena. Si sinema ya wakati wa likizo, si tangazo la redio. Alikuwa akisema kwamba mtu hawezi kuwatumikia wananchi huku mguu mmoja uko jukwaani.

Kwa nini afanye hivyo? Alikuwa amechukizwa na serikali ya Bi. Margaret Thatcher, aliyetawala tangu mwaka 1979 hadi 1990, na alivyoona ilivyoziumiza familia kama ile aliyotoka. Ndivyo alivyoeleza, na sioni sababu ya kutafuta maelezo mengine.

Sasa, alikuwa mbunge wa namna gani? Tuseme ukweli: huko hakupata Oscar. Labour ilipotwaa serikali mwaka 1997 chini ya Tony Blair alifanywa waziri msaidizi wa uchukuzi, na sehemu ya kazi yake ilikuwa usafiri wa London. Mwaka 1999 akajiuzulu ili atafute tikiti ya kugombea umeya wa London, akaambulia patupu. Baada ya hapo hakupanda cheo tena. Akawa mmoja wa wale wabunge wa viti vya nyuma wanaoisumbua serikali ya chama chao wenyewe. Aliipinga vita ya Iraq ya mwaka 2003 na hakumnyamazia Blair tangu siku hiyo. Mwaka 2010, eneo lake likiwa limebadilishwa mipaka na kuitwa Hampstead and Kilburn, alikinusuru kiti chake kwa kura 42 tu. Watu 42! Hao hawajazi hata basi moja.

Waandishi wengine walimcheka kwamba alibadilisha Shakespeare kwa barua za watu wenye dari zinazovuja. Kweli, sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa hiyo. Alisikiliza watu wenye shida za nyumba, za marupurupu, za vibali vya kuishi nchini. Alitembelea makao ya wazee. Hii ya makao ya wazee naomba uiweke akilini.

Kuna siku moja, hata hivyo, ambayo Bunge la Uingereza halitaisahau. Bi. Thatcher alifariki Aprili 8, 2013, na siku mbili baadaye wabunge waliitwa kutoka likizoni kuja kutoa rambirambi. Wengi wa Labour walisema maneno ya adabu au hawakufika. Bi. Jackson, akiwa na miaka 76, alisimama na kusema bila kupepesa jicho kwamba chini ya siasa za Thatcher mambo ambayo yeye alifunzwa kuwa ni maovu, kama uchoyo na kutowajali wanyonge, yaligeuzwa kuwa mema. Alizungumza juu ya hospitali, juu ya shule zilizokosa vitabu, juu ya watu waliolala kwenye milango ya maduka. Wabunge wa Conservative wakapiga kelele. Mmoja akasimama kumwomba Spika amzuie. Spika akasema hakuna kanuni iliyovunjwa. Na alipofikia sifa kwamba marehemu alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza mwanamke, alijibu kwa kuwataja wanawake waliomlea, wale wa wakati wa vita walioendesha viwanda na kuzima moto wa mabomu, kwamba wao wasingemtambua marehemu kuwa mfano wa mwanamke wanayemjua.

Wapo walioona kwamba maiti haisemwi, na kwetu pia wengi wangesema hivyo. Mimi mwenyewe niliona vigumu kuipenda saa aliyoichagua. Lakini ukiitazama hotuba ile, na imetazamwa na watu wengi mno, utaona kwamba kipaji hakikuwa kimekufa. Pumzi, kituo, jicho, ile sauti inayoshuka chini badala ya kupanda kelele zinapozidi: yote yalikuwepo, yamekaa kabatini miaka 21 na hayakuingia nondo.

Mzee na binti zake watatu

Mwaka 2015 hakugombea tena. Mwaka huo huo alirudi kazini kwa mlango mdogo, redio ya BBC, akiigiza sauti ya ajuza wa miaka 104 katika mfululizo uliotolewa kwenye riwaya za Émile Zola. Kisha, mwaka 2016, ukumbi wa Old Vic mjini London ukatangaza kwamba Glenda Jackson, miaka 80, atarudi jukwaani katika King Lear. Si kama binti wa mfalme, la. Kama mfalme mwenyewe.

Kwa wasiokijua kisa hicho cha Shakespeare: mfalme mzee anaamua kuwagawia binti zake watatu ufalme akiwa hai, na anayemsifu zaidi ndiye atakayepata fungu kubwa. Wawili wakubwa wanamwaga asali. Mdogo, ambaye ndiye anayempenda kweli, anakataa kubembeleza, naye mzee anamfukuza kwa hasira. Haupiti muda wale wawili wanamnyang'anya wafuasi wake, kisha wanamfungia mlango usiku wa dhoruba, na mzee anarukwa na akili nje kwenye mvua. Mzee yeyote mwenye shamba na watoto hahitaji kutafsiriwa mchezo huu.

Ni kazi nzito kupita kiasi. Mchezo unazidi saa tatu, na waigizaji wa Uingereza wana usemi kwamba ukifikia umri wa kumfahamu Lear, nguvu za kumwigiza zimekwisha. Laurence Olivier, aliyehesabiwa kuwa mkubwa wao wote, alimwigiza uzeeni kwenye runinga, mwaka 1983, ambako mtu anaweza kupumzika kati ya picha na picha. Bi. Jackson alimwigiza jukwaani, jioni baada ya jioni, baada ya miaka 25 bila kukanyaga jukwaa. Yeyote aliyewahi kukariri kurasa tatu za mchezo wa shule na kuzisahau mbele ya watu atafahamu ninachosema.

Pazia lilipofunguliwa, mkongwe mwembamba kama ufito alitoka na ile sauti ya mwaka 1964. Walioandika magazetini hawakukubaliana juu ya mchezo mzima. Mavazi ya kisasa na mapambo ya mwongozaji Deborah Warner hayakuwapendeza wote. Juu ya Lear hapakuwa na ubishi mkubwa. Walisema hakujaribu kuigiza mwanamume kwa sauti nzito na hatua ndefu. Alikuwa mtu mzee tu, mwenye hasira, mwenye hofu, aliyezoea kutiiwa na ambaye sasa hatiiwi.

Na alipoulizwa alipata wapi ujasiri wa kumwigiza mwanamume, alitaja yale makao ya wazee aliyoyatembelea akiwa mbunge. Alisema aliona huko kwamba tunapozaliwa tunafundishwa kuwa wavulana au wasichana, lakini mtu akizeeka sana ile mipaka inaanza kufifia, mpaka kinachobaki ni mtu. Basi hilo ndilo jibu langu kwa wale wanaosema alipoteza miaka 23. Waigizaji wengine wa rika lake walikuwa wakicheza michezo katika miaka hiyo, wakitazama waigizaji wenzao. Yeye alikuwa ameketi mbele ya wazee halisi, wakimweleza jinsi watoto wao walivyoacha kuja. Hakwenda kwa ajili ya kujifunza kuigiza, na nadhani ndiyo sababu alijifunza.

Mlango ukawa wazi tena. Mwaka 2018 alikwenda Broadway katika Three Tall Women wa Edward Albee, akiigiza bibi wa miaka tisini na kitu, mkali na msahaulifu, akapewa tuzo ya Tony akiwa na miaka 82. Mwaka 2019 alimrudia Lear huko New York chini ya mwongozaji mwingine, na safari hiyo watoa tuzo hawakumtaja hata kwenye orodha. Hakuna dalili kwamba alikosa usingizi.

Mwaka huo huo wa 2019 alirudi kwenye runinga ya BBC. Kipindi kilikuwa Elizabeth Is Missing, kutoka riwaya ya Emma Healey, juu ya mama mzee aitwaye Maud ambaye akili zake zinapotea kidogo kidogo, na ambaye ameshikilia jambo moja tu: rafiki yake Elizabeth hayuko, na hakuna anayetaka kumwamini. Anaandika kwenye vikaratasi asisahau, kisha anasahau alikoviweka vikaratasi. Ukiwa una nyanya nyumbani anayekuita kwa jina la ndugu yako aliyekufa, kiangalie ukiwa na leso. Bi. Jackson hakumfanya Maud awe bibi mtamu wa kuhurumiwa. Alimfanya msumbufu, mwenye kupiga kelele mkahawani, mwenye kumchosha binti yake, na ndiyo maana kinauma. Alipata tuzo ya BAFTA mwaka 2020.

Miaka yake ya mwisho aliishi Blackheath, kusini-mashariki mwa London, katika nyumba moja na familia ya mwanawe Dan, yeye akiwa na makazi yake upande wa chini. Mwaka 2022 akapiga sinema ya mwisho, The Great Escaper, pamoja na Michael Caine. Mara ya mwisho wawili hao kuwa mke na mume mbele ya kamera ilikuwa katika sinema ya mwaka 1975. Hii ni ya kisa cha kweli cha Bernard Jordan, askari wa zamani wa jeshi la majini aliyekuwa na miaka 89, ambaye mwaka 2014 alitoroka makao ya wazee mjini Hove akavuka bahari kwenda Normandy kuwakumbuka wenzake walioanguka huko miaka 70 nyuma. Bi. Jackson ni Irene, mke anayebaki nyumbani na anayejua fika mume wake amekwenda wapi huku wengine wote wakimtafuta.

Sinema ilianza kuonyeshwa Uingereza Oktoba 2023, karibu miezi minne baada ya yeye kufariki. Mwezi huo huo Caine, akiwa na miaka 90, alitangaza kwamba naye anastaafu.